Kisu au Sindano

Nimesikia mnanisema. Mnasema Bi Zuhura tangu astaafu amekuwa na tabia ya ajabu: ng'ombe akimfia kijana wa mifugo mikononi, kesho yake bibi keshafika, anavuta kiti, anakaa, na haleti hata andazi. Mmoja wenu kasema nakuja kupeleleza kama dozi ilikuwa sahihi. Mwingine, na huyu namjua ni wa Muheza, kasema nakuja kwa sababu nyumbani sina wa kuzungumza naye. Hilo la pili lina ukweli kidogo. Lakini sababu yenyewe ni nyingine, na kwa kuwa siku hizi nikisimulia nachoka haraka, nimeona niiandike.

Kazi ya mifugo niliianza nikiwa msichana mwembamba, Pangani na Mkwaja, na nikaimalizia hapa Tanga mjini, nyuma ya nyumba za watu, kwenye mabanda yaliyobanana na vyoo na kamba za kuanikia nguo. Wakati ule mwanamke akivaa gambuti watu walisimama kumtazama. Siku yangu ya kwanza Pangani mzee mmoja aliniuliza bwana mifugo yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akachungulia nyuma yangu, akaona namfanyia mzaha, akakaa kusubiri. Nilimpasua mbuzi wake jipu, nikalisafisha, nikanawa mikono, na yeye bado anatazama njia itokayo kivukoni.

Mengi yamebadilika. Sisi tulikwenda kwa baiskeli, mgonjwa tukimkuta hai ni bahati yake. Nyinyi mnatumiwa picha kwenye simu. Hata mimi mstaafu natumiwa. Juzi niko arusini, sahani ya biriani ndiyo kwanza imetua mbele yangu, nafungua simu, nakuta kondo la nyuma la ng'ombe wa mtu linaning'inia, na chini yake ameandika: "Shikamoo bibi, hii ni kawaida?" Kwa hiyo kabla sijaendelea nawaomba kitu kimoja. Mkiwa mnakula, zimeni simu. Na kabla ya kwenda kwa mgonjwa, kuleni. Bwana mifugo mwenye njaa anaona kila ng'ombe anakufa.

Kitu ambacho hakijabadilika ni lile swali, nanyi mmeshaanza kuulizwa. Unaingia uani, mnyama amelala chini, shingo imelegea. Mwenyewe amesimama na majirani zake, na nyuma yao yupo mtu ameshika kisu kilichonolewa. Hawakuulizi ugonjwa gani. Wanakuuliza, "Tumuwahi?" Yaani tumchinje sasa akiwa bado anapumua, nyama iliwe na nyingine iuzwe, au tukuachie umtibu? Ukisema sindano na akapona, Alhamdulillahi, watakusahau. Ukisema sindano na akafa, amekuwa kibudu, haliwi, anafukiwa na nyama yake yote na macho ya watu wote yanakutazama wewe. Ukisema kisu, hakuna mtu duniani atakayejua kama angepona. Wote wanasubiri jibu lako, na mnyama hana muda mrefu.

Aliyenifundisha kulijibu swali hilo ni Bwana Mbwana. Alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, kofia yake nyeupe inanuka dawa ya madonda hata baada ya kufuliwa, na msemaji kupita kiasi. Pilau la arusi halikumpita, aalikwe asialikwe. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sijamwona mtu mwenye mkono kama wake. Alikuwa na desturi moja. Akifika kwa mgonjwa, kabla ya kufungua mkoba, aliomba kitu cha kukalia. Viti vya plastiki alivikataa, anasema virefu mno, havimfikishi kwenye macho ya ng'ombe. Basi wanawake wa nyumba walimletea kilichokuwa karibu, na kwenye nyumba zetu kilichokuwa karibu ni kibao cha kukunia nazi. Mtu mzima anakaa juu ya kibao, ule ulimi wa chuma umejitokeza mbele katikati ya magoti yake, na wanawake wanaziba midomo kwa kanga wasimcheke. Yeye hajali. Anaweka ngumi ubavuni kushoto, anangoja tumbo liisukume. Anashika masikio. Ananusa pumzi. Anamwita mnyama kwa jina lake aone kama atageuza jicho.

"Zuhura," aliniambia, "ukisimama utamsikia mwenye kisu tu. Kaa chini."

Nilikaa chini maisha yangu yote kwa sababu yake. Magoti haya mnayoyaona yananisumbua leo, yaliharibikia pale.

Sasa niwaeleze habari ya Tausi, maana ndiko ninakokwenda na nimekuwa nazunguka.

Tausi alikuwa ng'ombe wa maziwa wa Bi Mwanasiti, mjane wa hapa Makorora. Hakuwa na mwingine. Alimlea tangu mtamba, akamlisha kwa majani ya kununua, akamwogesha kama mtoto. Masika moja Tausi alizaa salama, ndama jike, na asubuhi yake hakuweza kusimama. Tulipofika, Bwana Mbwana na mimi, ua umejaa watu, na Hamza, kaka yake Mwanasiti, ameshika kisu.

"Bwana Mbwana, tumuwahi?" akauliza Hamza.

"Nipeni kibao."

Akakaa. Masikio ya Tausi yalikuwa baridi, pua imekauka, shingo imejipinda kuelekea ubavuni. Nanyi mnajua hiyo ni dalili ya nini, kama mlisikiliza darasani. Ng'ombe amezaa, maziwa yamemnyonya madini yote mwilini.

"Ni homa ya maziwa," akasema. "Sindano."

"Una hakika?"

"Hakika anayo Mungu. Miye nina ng'ombe mwenye masikio baridi."

Alitia chupa ya dawa kwapani ipate joto la mwili wake. Shikeni hilo, msije mkamtilia mnyama dawa ya baridi kwenye mshipa. Kisha akaiingiza polepole, sikio lake liko kwenye moyo wa ng'ombe, mimi nimeinua chupa hadi mkono unakufa ganzi. Tausi akacheua. Akatetemeka, akainua kichwa, akatutazama. Mwanasiti akapiga kigelegele, na Hamza akakizungushia kisu chake gazeti. Mimi nilikwishaanza kufikiria chai.

Karibu na adhuhuri akaanguka tena. Safari hii alisaga meno na kuguna, na hiyo haikuwa homa ya maziwa. Hamza akawa anahangaika kulifungua lile gazeti. Hakuwahi hata kuvuka ua. Tausi alinyoosha miguu, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema dawa imemuua.  Mwanasiti alichukua ndoo aliyoiosha kwa ajili ya kukamulia, akaigeuza mdomo chini. Roho ya mnyama ilikuwa haijatoka bado, lakini mimi nikaondoka kwenda kutafuta majembe na watu wa kuchimba.

Kwenye shimo nilimpasua ili nijue. Ndani ya tumbo mlikuwa na donge la mifuko ya plastiki na kamba za nailoni, limesokotana, kubwa kuliko mtungi. Alikuwa akilila jiji hili taratibu kwa miaka. Hakuna sindano ambayo ingemponya. Nikamwita Bwana Mbwana aone kwa macho yake, nikidhani nitampunguzia mzigo. Aliinama akatazama.

"Wangekula," akasema. "Ningesema kisu, leo wangekula."

Desturi yake nyingine ni kwamba kesho yake alirudi kutoa pole, bila mkoba. Tulikwenda pamoja. Hamza alitoka mlangoni akasema dada yake amelala. Tulimsikia Mwanasiti akikohoa ndani. Bwana Mbwana akasema haya, mfikishieni salamu, akageuka. Njia nzima hakuongea, yeye aliyekuwa haongei akiwa usingizini tu.

Kumtunza ndama ikawa kazi yangu. Nilimwombea dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, kwa jirani aliyekuwa na ng'ombe aliyezaa karibuni, nikamfundisha Mwanasiti kutumbukiza vidole kwenye maziwa na kumpa ndama avinyonye, kisha kuvishusha taratibu hadi ndama ajikute anakunywa ndooni mwenyewe. Ujuzi huo niliupata kwa Bwana Mbwana. Kila asubuhi ofisini aliniuliza, "Amenyonya vidole?" Nilipomwambia ndama amepona na ameitwa Kipusa, aliinamisha kichwa akaendelea kunawa.

Baada ya hapo akaanza kusema kisu.

Mwanzoni sikushtuka, maana wanyama wengine kwa kweli ni wa kisu. Halafu nikaona haombi tena kibao. Anafika, anasimama mlangoni mwa banda, mkoba ungali begani, anatazama kidogo na kusema, "Mchinjeni." Ng'ambo ya mto Pangani tuliitiwa mtamba ambaye macho yake yalikuwa bado yanafuata inzi. Ningemtibu mimi na angesimama. Sijakaa sawa, keshasema kisu, na watu wameshaanza. Tulipokuwa kwenye kivuko tunarudi nikamuuliza.

"Hukumshika hata sikio."

"Nimechoka kungoja, Zuhura."



Na watu walimpenda, wanangu! Hapo ndipo moyo wangu unapouma kila nikikumbuka. Sifa zake zilivuma hadi Mkwaja: Bwana Mbwana hapotezi nyama. Walimwita yeye na kunipita mimi. Walimpelekea maini nyumbani kwa shukrani, naye aliyagawa kwa majirani, kwa sababu nyama alikuwa ameacha kula. Pilau aliacha. Arusi aliacha. Ofisini alinawa mikono kwa sabuni, anaifuta, ananawa tena, hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Tulisema ni uzee. Wengine wakasema ni ucha Mungu. Daktari alisema presha, akampa vidonge. Sisi tuliojua kila ugonjwa wa ng'ombe kwa jina, ule wa mwenzetu tulikuwa tunautazama kila siku tusiutambue.

Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa. Mikeka hutandikwa, watu hukaa naye, hata wasipokuwa na la kusema. Lakini mtu wa mifugo anafiwa kila mara, na kila mara maiti ni ya mwingine. Anatoa pole, anakwenda nyumba ya pili. Mimi nilijipatia njia yangu bila kufundishwa na mtu. Siku mbaya sikuingia ndani na gambuti. Niliyavua kizingitini, nikakaa hapo hapo, nikamtaja mnyama kwa jina lake, nikalia kama kilio kilikuwapo. Marehemu mume wangu alizoea. Alipita juu ya miguu yangu kwenda msikitini akasema, "Leo nani?" Nikamwambia, "Mbuzi wa Mzee fulani." Akasema, "Pole, mke wangu." Neno hilo dogo lilinifikisha kwenye kustaafu. Kwa hiyo msione aibu kulia. Tafuteni mtu mmoja wa kuwauliza leo nani, na kama hamna, ulizaneni nyinyi kwa nyinyi.

Bwana Mbwana alikuwa na mke mwema, lakini hakumwambia kitu. Ndipo nikaona pole anayoihitaji iko kwa mtu mmoja tu. Nikaenda kwa Mwanasiti.

Nilimkuta anakuna nazi uani. Kipusa alikuwa amekwisha kuwa ng'ombe, ana mimba yake ya kwanza. Nikamweleza hali ya Bwana Mbwana na nikamwomba akamwone.

"Miye ndiye niliyefukia ng'ombe, Zuhura," akasema. "Leo miye niende nikampe pole yeye?"

"Ndiyo. Wewe."

Aliendelea kukuna. Nikafikiri nimemuudhi, nikaanza kujikusanya niondoke.

"Alikaa," akasema ghafla. "Weye ulikuwa umekwenda kutafuta majembe, hukuona. Watu wote wametoka, Hamza keshaondoka na kisu chake. Yule bwana kabaki peke yake kamshika Tausi sikio, anamwita jina lake, mpaka akakata roho. Kwenye kibao hiki hiki nilichokalia. Wallahi nilimwona dirishani."

"Basi kamwambie hilo. Hilo tu."

"Nitakwenda. Lakini mtu niliyemfungia mlango wangu, nimwendee mikono mitupu? Ngoja Kipusa azae. Nitampelekea maziwa. Na usimwambie, nataka nimkute mwenyewe."

Niliona amesema vizuri. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, nyumba ya watu haiendewi mikono mitupu, na maziwa ya Kipusa yangesema mambo ambayo mdomo haungeyaweza. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Tukangoja. Bwana Mbwana alistaafu, akawa anakaa uani kwake na redio ambayo haiwashi. Nilimpitia. Nilimletea habari za kazini, akazisikiliza kwa heshima. Kitu pekee alichoniuliza mwenyewe ni kile kile.

"Yule ndama wa Makorora?"

"Ana mimba."

"Wamchunge na mifuko," alisema. "Waambie wamchunge na mifuko."

Mara kadhaa nilitaka kumwambia kuwa Mwanasiti atakuja, nikajizuia kwa sababu nilikuwa nimeombwa nisiseme.

Kipusa alizaa bila shida yoyote na akasimama mwenyewe. Dang'a ni haki ya ndama, kwa hiyo Mwanasiti akangoja maziwa yatakate. Akaamua atakwenda Ijumaa baada ya sala. Akaazima chombo kizuri chenye kifuniko. Alhamisi asubuhi Bwana Mbwana alianguka uani kwake akitia udhu, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Ijumaa nilikuwa matangani, ndani na wanawake. Wanaume walikuwa barazani, na dirisha lilikuwa wazi, tukawasikia wanavyomsifu. Watu walitoka mbali, wengine walivuka kivuko. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha ng'ombe au mbuzi. "Mungu amrehemu," mmoja akasema, "bwana yule hakupata kutupotezea nyama." Wakaitikia wote kwamba ni kweli, hakupata. Walisema kwa mapenzi, na mimi nikaziba masikio kwa ushungi.

Mwanasiti aliingia na chombo chake cha maziwa. Alikuwa amekuja siku ile ile aliyoipanga, na saa ile ile. Akakiweka mbele ya mjane, akakaa kwenye mkeka, wakashikana mikono. Akamweleza yote, habari ya Tausi, na mlango, na kibao. Alisema kwa sauti ya kawaida, na wanawake wakanyamaza kumsikiliza.

"Alikaa naye?" mjane akauliza.

"Alikaa naye mpaka mwisho."

"Miye aliniambia alimuua." Mjane akakifuta kile chombo kwa kiganja, kama kuna vumbi. "Mara moja tu aliniambia. Nikamuuliza nani, akasema Tausi. Miaka yote hii nilikuwa sijui Tausi ni nani."

Mwanasiti akaanza kulia, na kilio chake kikatuchukua sote.

Baadaye maziwa yalipelekwa jikoni yakachemshwa, na chai ya matanga siku ile ikawa ya maziwa. Vikombe vilipelekwa nje barazani. Wanaume walikunywa, wakaisifu, wakaomba nyingine, na kuendelea na habari zao za nyama. Nami nilipewa kikombe changu. Yalikuwa maziwa mazito, mazuri, ya ng'ombe mwenye afya. Niliyanywa mpaka chini kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Basi nikija kwenu kesho ya siku mbaya, nivutieni kibao nikae, mniambie mnyama aliitwa nani. Msitazame mikono yangu mitupu. Andazi lingenichelewesha.